Taa Isiyo na Kivuli

Neno kivuli limebeba mizigo miwili isiyolingana. Mtu atembeaye nchi ya Dodoma wakati wa adhuhuri, jua likiwa utosini na vumbi jekundu likimfuata kama mbwa amfuatavyo bwana wake, akiuona mbuyu kwa mbali hulihesabu neno hilo kuwa ni jina la rehema. Chini ya mbuyu wazee huamua mashauri, wachungaji hulaza mbuzi, na msafiri hufungua kibuyu chake cha maji. Walakini mtu huyo huyo akishika kamera, akainama juu ya mdudu aliye mdogo kuliko punje ya mtama, kivuli humgeukia kikawa adui. Kivuli cha kofia, kivuli cha mkono, na zaidi ya vyote kivuli cha lenzi yenyewe, humwangukia mdudu yule kikamfunika kama usiku. Kwa ajili ya shida hiyo ilibuniwa taa ya pete. Na kwa ajili ya taa hiyo mtu mmoja wa Makutupora alipata hasara, akapata na elimu.

Makutupora iko kilomita zipatazo 25 kaskazini ya jiji la Dodoma. (Iko Makutupora nyingine upande wa magharibi, katika wilaya ya Manyoni, iliyovuma kwa ujenzi wa reli mpya, wageni huzichanganya mbili hizi, na wenyeji wamekwisha kuchoka kusahihisha.) Makutupora ya Dodoma inajulikana kwa maji yaliyo chini ya ardhi yake, yanayovutwa katika visima vya Mzakwe yakanywesha jiji, kwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa zabibu. Hapo ndipo kilipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo chenye dhamana ya zao hilo, na aina moja ya zabibu nyekundu imepewa jina la mahali hapo. Mvua ni haba. Huanza Desemba, hukoma Aprili, na katika miaka mingi haizidi sana milimita 600. Hata hivyo mizabibu hupogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka, habari ambayo mkulima wa Ufaransa, aliyezoea mavuno moja, angeisikia angedhani anatiwa mzaha.

Katika shamba moja la huko, lenye mistari saba ya mizabibu iliyokwezwa juu ya nyaya, alizoea kwenda mwalimu mmoja wa elimu ya viumbe, mtu wa makamo, aliyefundisha sekondari mjini. Shamba lilikuwa la shangazi yake, mjane, Mgogo wa kuzaliwa na kukulia huko huko, aliyeijua mizabibu yake mmoja mmoja kama mama ajuavyo tabia za watoto wake. Mwalimu hakuwa mkulima. Mapenzi yake yalikuwa kupiga picha vitu ambavyo watu huvikanyaga bila kuvisalimu: siafu, utitiri, mayai ya nondo chini ya jani, chavua kwenye miguu ya nyuki. Alijiwekea akiba miaka miwili akanunua, kwa mkono wa pili, lenzi ya karibu na taa iliyoundwa mfano wa pete ya kuvikwa mdomoni mwa lenzi hiyo.

Asiyepata kuifanya kazi hii huuliza kwa nini taa iwepo mahali ambapo jua ni jingi kama Dodoma. Swali ni la haki. Mpigapicha wa vitu vidogo ana ufukara wa namna mbili, ufukara wa kina na ufukara wa nuru, na kila aufukuzapo mmoja humkaribisha wa pili. Apigapo picha kwa ukubwa ule ule wa kitu chenyewe, yaani mdudu wa milimita 10 akachukua milimita 10 ndani ya kamera, sehemu inayoonekana dhahiri huwa nyembamba mno. Akilipanua tundu la lenzi, jicho la mdudu litakuwa wazi na miguu itayeyuka kama moshi. Akilifinya tundu mpaka alama ya 16, atapata unene wa dhahiri upatao milimita 2. Lakini hapo nuru humponyoka, kwa sababu katika ukaribu huo robo tatu ya nuru hupotea hata kabla tundu halijafinywa. Basi imebakia kurefusha muda wa kupiga. Na muda ukirefushwa, unakuja upepo. Upepo wa uwanda ule hauna siku ya mapumziko. Jani la mzabibu lililotulia machoni pa mtu hutikisika ndani ya lenzi kama mtumbwi baharini.

Taa ya kumulika huponya maradhi haya yote kwa mara moja. Huwaka na kuzimika katika sehemu moja ya elfu ya sekunde, pengine pungufu ya hapo, na katika muda huo hakuna jani linalowahi kutikisika. Lakini taa ya kawaida, ikaayo juu ya kamera, hurusha nuru yake juu ya kichwa cha mdudu, au hugonga ubavu wa lenzi ikaacha giza mahali panapotakiwa mwanga. Pete haina kosa hilo. Nuru yake hutoka pande zote za mdomo wa lenzi, na kivuli ambacho upande wa kulia ungekiacha, upande wa kushoto hukifuta papo hapo. Cha juu hufutwa na cha chini. Kitu kilicho mbele yake husimama katika nuru isiyo na upande, kama kwamba nuru imezaliwa ndani yake.

Asili ya chombo hiki inafaa kukumbukwa, maana asili ya kitu aghalabu hueleza mipaka yake. Taa ya pete haikubuniwa kwa wadudu wala kwa maua. Ilibuniwa mwaka 1952 na Lester A. Dine kwa ajili ya picha za meno. Kinywa cha mtu ni pango jembamba. Daktari akitaka picha ya gego, midomo huzuia nuru itokayo kando, na nuru itokayo juu huishia puani. Nuru pekee iwezayo kuingia ni ile ipitayo njia ile ile apitayo mtazamaji. Miaka kumi baadaye, mwaka 1962, kampuni ya Nikon ya Japani ilitoa lenzi ya Medical-Nikkor ya milimita 200, yenye pete ya taa iliyojengwa mdomoni mwake, ili madaktari wapige picha za vidonda na za upasuaji bila kuhesabu hesabu nyingi. Tangu mwanzo, basi, ilikuwa taa ya mashimo. Siku hizi vijana wa mjini wameichukua pete nyingine, kubwa kama ungo, wakajimulika nyuso zao mbele ya simu. Na wanaipenda kwa sababu ile ile, kwamba hufuta kila mkunjo. Uso uliofutwa mikunjo unapendeza. Kwamba ni uso wa nani, hilo ni jambo jingine.

Mwalimu aliipenda taa yake mapenzi ya kupindukia. Katika miezi ya kwanza alipiga kila kilichotambaa. Alimpiga vunjajungu akiwa amekunja mikono, na ndani ya kila jicho lake ilionekana pete ndogo nyeupe, mithili ya mwezi uliozungukwa na duara la mawingu. Alipiga nzi, na nzi akaonekana amevaa kito. Picha hizo alizibandika ukutani darasani, na wanafunzi walizisongamania. Mmoja wao, binti aliyekuwa mwepesi wa kuuliza, alisema, "Mwalimu, mbona unakwenda shambani usiku tu? Huogopi nyoka?" Mwalimu alicheka. Picha zote zilikuwa zimepigwa mchana. Lakini nuru ya taa iliyo karibu hupungua kwa haraka sana: kilicho mbali mara mbili hupata robo yake, na kilicho mbali mara nne hupata sehemu moja ya 16. Mdudu alikuwa sentimita 15 mbele ya lenzi, majani ya nyuma yalikuwa mbali zaidi, na tundu lilikuwa limefinywa. Hivyo adhuhuri yote ya Makutupora, pamoja na mbingu na milima yake, iligeuka kiza nyuma ya mbawa za nzi. Mwalimu alilieleza jambo hili ubaoni kwa hesabu, darasa likaelewa. Hakujiuliza yeye mwenyewe kwamba, ikiwa taa yake iliweza kuligeuza jua kuwa usiku bila yeye kukusudia, ni nini kingine ilichokuwa ikikigeuza.

Ilikuwa Julai ya mwaka 2021, wakati wa kipupwe, vichala vikiwa na punje ngumu za kijani zisizotimia ukubwa wa harage. Mwalimu alifika shambani saa sita ya mchana akamkuta shangazi amesimama kwenye mstari wa tatu, kichala mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone zabibu zangu zimepakwa nini."

Juu ya punje palikuwa na weupe. Weupe juu ya zabibu si habari ngeni, kwa kuwa kila zabibu huzaliwa na unga wake, nta nyembamba inayoikinga ngozi isikauke. Shangazi aliipitisha dole gumba juu ya punje moja, kisha juu ya nyingine. Ya kwanza iling'aa alipoisugua. Ya pili ilibaki na doa la kijivu kama utando wa buibui. "Hii haitoki kama ile," alisema. "Huu ni ubwiri. Kesho nitafute salfa."

Mwalimu alimzuia kwa adabu. Alisema kuwa salfa ni fedha, na kwamba si vema kutoa fedha kwa kukisia, hali chombo cha kuona kipo. Alifunga kichala kwa uzi kwenye kijiti kisitikisike, akalielekeza lile doa moja kwa moja mbele ya lenzi, akapiga picha ishirini. Jioni, nyumbani, alizifungua katika kompyuta, akachukizwa. Katikati ya kila punje palikuwa na pete nyeupe, mmeto wa taa yake mwenyewe, kichala kizima kikawa kama kimepigwa mihuri ya posta. Kwa kuwa alikuwa mtu wa usafi, alichukua programu ya kusafishia picha akazifuta pete zile moja moja, akijaza mahali pake rangi ya ngozi iliyo jirani. Kazi ilimchukua saa mbili. Picha ikatoka safi, ya kijani laini, yenye unga mweupe uliotandaa sawasawa. Akaituma kwa simu kwa rafiki yake wa mkoa mwingine, mjuzi wa maradhi ya mimea, na jibu likaja kabla ya kulala: weupe huo ni nta ya asili, zabibu ni nzima, salfa haihitajiwi.

Shangazi aliposomewa jibu alinyamaza kidogo, akatazama dole gumba lake. "Haya," alisema, "kama picha imesema." Fedha ya salfa aliitoa kununulia bati mbili za banda la mbuzi.

Ubwiri unga ni ugonjwa wenye subira. Kuvu wake haungoji mvua kama ndugu zake wengi. Hupenda ukavu, kivuli cha majani na joto la wastani, yaani hupenda mambo yote ambayo kipupwe cha Dodoma humpa. Watu wa Ulaya waliutambua mwaka 1845, mtunza bustani aitwaye Edward Tucker alipouona huko Margate, Uingereza, na kwa heshima yenye uchungu jina lake likatiwa katika jina la kuvu. Katika miaka kumi iliyofuata uliikumba Ufaransa, mavuno ya mvinyo yakaanguka vibaya, mpaka wakulima walipoizoea salfa, ambayo Tucker mwenyewe alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuijaribu. Salfa hulinda zaidi ya inavyoponya, na thamani yake imo katika kuwahi. Kuvu akikwisha kuishika ngozi ya zabibu changa, ngozi hukoma kukua. Nyama ya ndani haina habari, huendelea kutuna. Na siku moja punje hupasuka hata mbegu zikaonekana.

Ndivyo ilivyokuwa katika wiki ya tatu. Mistari mitatu kati ya saba ilipasuka, ikatoa harufu ya nguo zilizofungiwa zikiwa mbichi. Shangazi hakumlaumu mtu. Alikata vichala vile akavifukia mbali na shamba, na kazi hiyo aliifanya peke yake, alfajiri, kabla mwalimu hajafika. Kwa mwalimu kimya hicho kilikuwa kizito kuliko matusi.

Usiku ule alifungua tena kompyuta. Kwa bahati alikuwa hakuzitupa picha za asili, zile zenye pete. Alizipanga, iliyofutwa upande huu na isiyofutwa upande huu, akazitazama kwa muda mrefu kama mtu asomaye barua ya deni. Ndipo alipoona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake tangu siku ya kwanza. Juu ya punje nzima pete ilikuwa kamili, duara lisilo na pengo. Juu ya punje iliyokuwa na doa, pete ilikuwa imekatika. Upande mmoja iling'aa, upande wa pili ilififia ikapotea, kama njia iingiayo mchangani. Sababu yake, alipoitafakari, ilikuwa nyepesi. Ngozi laini hurudisha nuru kama kioo, lakini nyuzi za kuvu, zilizosimama wima juu ya ngozi na kubeba mbegu zake mfano wa shanga, huitawanya nuru kila upande. Katika picha isiyo na kivuli hata kimoja, pete iliyokatika ndiyo iliyokuwa shahidi wa pekee wa kutenganisha laini na nywele. Na shahidi huyo mwalimu alimfuta kwa mkono wake mwenyewe, saa mbili nzima, kwa ajili ya usafi.

Mtu aweza kusema kuwa kosa lilikuwa la kufuta, wala si la taa. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli tu. Mjuzi yule wa mbali angelionyeshwa picha moja iliyomulikwa kwa ubavu, asingehitaji pete wala duara. Mwalimu alilithibitisha hilo siku chache baadaye kwa kichala kilichobaki. Aliiacha pete nyumbani, akashika tochi ndogo kando ya punje, chini kabisa, nuru ikitambaa juu ya ngozi kama jua la saa kumi na mbili na nusu asubuhi litambaavyo juu ya uwanda. Doa lile lililokuwa rangi tupu likasimama likawa msitu. Kila uzi wa kuvu ulikuwa na kivuli chake nyuma, na kwa urefu wa kivuli ulijulikana urefu wa uzi; nta nayo ililala kimya, haina kivuli kwa kuwa haina kimo. Kwa muda wote ule alikuwa amevihesabu vivuli kuwa uchafu juu ya umbo. Bila hivyo macho hujua rangi na mipaka ya kitu, lakini hayajui kama kimeinuka au kimelala.

Hakuitupa taa yake, na katika hilo alikuwa na akili kuliko watu wengi waliokosewa na chombo. Alijifunza kuifunga nusu yake kwa utepe mweusi, ili nuru itoke upande mmoja na kivuli kipate pa kulala. Taa nyingine za aina hii zina nusu mbili zinazoweza kupewa nguvu tofauti bila utepe, ila yake haikuwa na hiari hiyo. Alijifunza pia kuiweka kamili, bila utepe, mahali ilipozaliwa. Katika msimu wa mvua wa mwaka 2022, vichala vikiwa vimebanana, aliuingiza mdomo wa lenzi kwenye pengo dogo kati ya punje na punje, mahali ambapo tochi haifiki na jua halijapata kufika. Mle ndani, kwenye kikonyo, aliwakuta wadudu weupe wenye unga, wamejipanga kama mbuzi waliolazwa zizini, wakinyonya utomvu. Nuru ya ubavu isingewaona kamwe. Kichala kilichobanana ni kinywa, na ndani ya kinywa pete haina mpinzani.

Lakini kabla ya msimu huo palikuwa na jambo la kutimizwa. Mwalimu alichapisha picha mbili, ya pete iliyofutwa na ya pete iliyokatika, akazipeleka kwa shangazi. Alimweleza yote pasipo kujitetea: kwamba dole gumba lilisema kweli, na kwamba picha haikusema lolote isipokuwa lile alilolilazimisha. Shangazi alizishika picha mbali kidogo na macho, kwa kuwa macho yake yalikuwa ya uzee, akazilinganisha. Aligusa lile pengo la pete kwa ukucha.

"Kumbe ulikiona," alisema.

"Nilikiona, shangazi. Nikakifuta."

"Basi salfa ya msimu ujao utanunua wewe."

Akanunua. Februari ile walikuwa wakienda wote wawili shambani mapema, kabla jua halijapanda, wakati nuru ingali inapita kati ya mistari kwa ubavu na kila punje imebeba kivuli chake. Shangazi alitangulia na dole gumba lake, mwalimu akafuata na kamera. Alipotilia shaka aliita, naye akaja akapiga. Asubuhi moja mwalimu aliinama kwa pupa mbele ya kichala alichokuwa akikitazama shangazi, mgongo wake ukakifunika chote.

"Sogea, mwanangu," alisema shangazi, akimsukuma begani. "Unanizibia jua."